Viti vya Kuazima

Kwa miaka yote niliyopakana ukuta na Mwosha kule Wambaa, Pemba, na ile niliyokuwa nikimtembelea baada ya kuhamia Chake, sikumsikia akisema "sina" ila siku moja. Ukimwomba chumvi na chumvi hana, atakwambia imekwisha sasa hivi, umepishana nayo mlangoni. Ukimwomba kibiriti, kiko kwa jirani, subiri nikakichukue. Anatoka mlango wa nyuma, anakwenda kukiazima kwa watu, anakuja kukuazima wewe, na siku ya kurudisha anarudisha yeye. Mimi mwenyewe nilikaa mwezi mzima na mbuzi ya kukunia nazi nikidhani ni yake, kumbe ya mwalimu wa madrasa, nyumba ya tatu. Nilipojua nilicheka mpaka nikakaa chini. Sasa jambo hilo halinichekeshi tena.

Jina lake analo na wenyewe wanalijua. Sisi tulimwita Mwosha kwa sababu ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa kike pale kijijini, na vijiji viwili vya jirani pia wakimwita huenda. Ana mkoba wake wa ukili, ndani mna sabuni, kafuri, pamba na shuka mbili nyeupe za kumsitiria maiti wakati wa kuoshwa. Zile shuka zilikuwa safi kuliko nguo yoyote aliyoivaa yeye. Hakuwa akichukua malipo. Ukimtia kitu mkononi anakirudisha juu ya jamvi la wafiwa.

Mwosha anaona mengi. Anaingia chumba cha ndani kuliko mgeni yeyote, anaona godoro lililopasuka, anaona sanduku tupu, anaona mwili wenyewe ulivyokonda. Wanawake walikuwa wakimzengea akitoka, ati Bi, mlikuta hali gani mle? Jibu lake lilikuwa moja tu. "Tumekuta mtu, tumemwosha." Anashika mkoba wake anakwenda zake.

Mimi ni mtu wa Shumba, kaskazini huko. Kazi ndiyo iliyonipeleka Wambaa, kusimamia vikundi vya kina mama wanaolima mwani, na nikapanga chumba kwenye nyumba inayopakana na yake. Nilikuwa mdogo, nina cheti changu na madaftari yangu, na nilijiona nakuja kuwatoa watu kwenye umaskini. Asubuhi yangu ya kwanza Mwosha alinitazama viatu, akasema, "Bi Afisa, hivyo viatu ni vya kwenda harusini au pwani?" Akanipa makubazi yake makuukuu, yeye akenda peku. Maji yalikuwa yamekupwa mpaka mbali. Akanionesha namna ya kusoma mwani: ukiwa na rangi nzuri na unateleza mkononi, mzima, ukianza kufanya vidoa vyeupe, basi andaa machozi. Mwaka ule vidoa vilikuwa vichache. Miaka ya mbele bahari ilipata joto, mwani mnene wenye bei ukawa unakatika wenyewe kwenye kamba, wakabaki na ule mwembamba ambao mnunuzi anauchukua kama anayekufanyia hisani. Semina nilizowafanyia juu ya hilo siwezi kuzihesabu. Bahari haikuhudhuria hata moja.

Alikuwa na mtoto mmoja aliyebaki naye, Raya, mwanamke mzima, aliolewa akarudishwa kwa sababu ya kifafa. Huyu Raya ndiye aliyekuwa roho ya mama yake. Mrefu, mcheshi, anaimba kaswida kwa sauti ya juu huku anafunga mbegu kwenye kamba, na kwa kufunga hakuna aliyemshinda. Akimeza vidonge vyake kila siku, mwezi unapita, miwili inapita, hapana kitu. Akikosa siku tatu, nne, anaanguka. Na kazi yao ni ya majini. Mtu akianguka kwa kifafa ndani ya maji, hata yakiwa ya magotini, mnajua wenyewe.

Kwa hiyo Mwosha alikuwa akimfunga. Mnaosoma msishtuke. Alikuwa na kamba ya mwani, pima mbili hivi, ncha moja kiunoni kwake, ncha ya pili kiunoni kwa Raya, na wakiingia baharini wanaingia hivyo, wanafanya kazi hivyo, wanatoka hivyo. Raya alikuwa akitania, "Mama ananivuta kama ng'ombe wa kukodi." Mama naye hujibu, "Ng'ombe ana faida, weye wala maziwa hutoi." Wakicheka wote wawili, na kamba inacheza katikati. Mara mbili nilimwona Raya akianguka, na mara zote mbili mama alihisi kamba kabla ya sisi kugeuza shingo.

Vidonge hospitali vilikuwa vya bure vikiwapo. Visipokuwapo, duka la dawa, na duka halina huruma ya mtu. Hapo ndipo zilipoingia pesa za serikali za kaya maskini. Zilikuwa zinakuja kila baada ya miezi, si nyingi, lakini zilikuwa zinatosha vidonge vya Raya na unga kidogo. Na namna alivyoingia kwenye orodha ile ni kisa, kwa sababu yeye hakujiandikisha.

Wakati orodha ya kwanza inaandikwa, Mwosha alikuwa mkali kama nini. Alimtoa ndani mke wa kipofu mmoja aliyekuwa amejifungia kwa haya, akamshika mkono mpaka barazani kwa sheha, kiongozi wa pale kijijini. "Aibu ya nini? Sema huna! Umeiba?" Alipeleka watu wanne, watano, anawasemea mwenyewe shida zao, mpaka karani akachoka. Sheha ndiye aliyemuuliza, "Na weye je, Bi?" Akasema yeye hajambo, anashukuru. Sheha mtu mzima, anamjua, akamwandika kimyakimya. Jina liliposomwa mkutanoni Mwosha aliinuka akaondoka, na wiki nzima hakumwitikia sheha salamu. Lakini siku ya malipo alikwenda. Alijifunika buibui mpaka machoni, akachukua, akapitia duka la dawa moja kwa moja.

Huyo ndiye mtu niliyekuwa nikimjua. Kwa wengine anasema "sema huna," na mwenyewe hasemi. Nilimwambia siku moja, Bi, hili lako sina jina lake. Akanijibu huku anachambua mchele, "Mie nshawaona watu wakiwa hawana hata nguo mwilini, mwanangu. Mwisho huo utanifika na mie. Kabla ya huo, niache nivae."

Basi ukaja mwaka wa kuipitia upya ile orodha, kuwatoa wale ambao hali zao zimeshakuwa nzuri. Mimi nilikuwa nimeshahamia ofisi ya Chake, nikaingizwa kwenye timu ya kupita nyumba kwa nyumba, na Wambaa ikaangukia kwangu. Nilifurahi. Nilidhani ni bahati yake. Tulipewa semina ya siku mbili na tableti moja moja, na mkufunzi akatuambia neno ambalo mpaka leo linanikaa rohoni: andikeni mnachokiona, msiandike mnachokijua. Ati ukiandika unachokijua ni upendeleo.

Nilikosa akili nikampigia simu jioni ya kuamkia siku ile. Nikamwambia Bi, kesho tunakuja kwako, mimi na msimamizi wangu, ni kwa ajili ya orodha. Nilitaka ajiandae, nikimaanisha asiende pwani. Ndugu zangu, mimi ni Mpemba, mama yangu ni Mpemba, na nyumbani kwetu Shumba mgeni akitangaza kuja hata shuka za kwa shangazi hazilali kwao. Nilipaswa kujua mtu kama yule, akiambiwa wageni wanakuja, atajiandaa vipi. Sijui akili yangu ilikuwa wapi.

Tulipofika ua umefagiwa, umemwagiwa maji kutuliza vumbi. Barazani viti vinne vya plastiki vya buluu, vinang'aa. Chupa ya chai yenye maua, vikombe sita na visahani vyake, redio ya mwalimu wa madrasa iko dirishani inasoma Kurani kwa sauti ya chini. Chumbani, mlango umeachwa wazi makusudi, godoro nene lenye foronya za kudarizi. Na harufu ya kuku. Alikuwa na kuku mmoja wa mayai, Raya alimpa jina, na ndiye aliyekuwa chunguni. Raya mwenyewe amevaa kanga mpya za mke wa sheha, amekaa kwenye kiti cha buluu, miguu ameipanga pamoja, anacheka meno yote nje.

Nilimvuta Mwosha pembeni kwa kisingizio cha kunawa mikono. Nikamwambia kwa kunong'ona, "Bi, hawa si wageni wa kula. Hawa wanaandika. Sema kweli yako."

"Kweli yangu nshaipika," akasema. "Kaa ule."

Msimamizi wangu alikuwa kijana wa Bara, mpole, ana adabu zake, anamwita mama kila neno la pili. Nisimsingizie, hakuwa na baya. Alikaa kando yangu, nami nikaanza kusoma maswali. Sakafu ya nini? Saruji, ilipigwa kwa mahari ya Raya, lakini tableti haiulizi saruji imetoka wapi. Paa? Bati, la marehemu kaka yake. Wiki iliyopita mmekula kitoweo siku ngapi?

"Kila siku, alhamdulillahi."

"Bi..."

"Andika, mwanangu."

Kuna siku mlilala bila ya kula?

Alimtazama yule kijana aliyeshika paja la kuku wake, akanitazama mimi. "Nyumba hino? Hata siku moja. Kwani ulipokuwa hapa nshakulaza na njaa?"

Viti hivi vya nani? Raya akafungua mdomo, mama akamtangulia. "Vyetu."

Nilikuwa najua vyote ni vya nyumba ya tatu. Nilivijua hata kwa lile doa la rangi kwenye mguu wa kimoja. Ningesema kwa sauti, msimamizi wangu angesikia, na Mwosha angekuwa amevuliwa nguo barazani kwake mbele ya mwanawe na mgeni wake. Nami nilikuwa nimeambiwa niandike ninachokiona. Nikaandika viti vinne. Kidole changu mwenyewe hiki.

Yule kijana alifurahi kwa dhati. Akasema, "Mama huyu amefanikiwa sana. Watu kama hawa ndio tunaowatafuta." Akaomba kuwapiga picha. Sasa Mwosha kupigwa picha alikuwa hataki kabisa, hata kitambulisho kilimtoa jasho, lakini mgeni akiomba ameomba. Akasimama nyuma ya kiti cha Raya, mkono begani kwa mwanawe. Kabla ya Maghrib viti vilikuwa vimesharudi kwa wenyewe.

Jina lake likakatwa. Majina yanayokatwa hayakatwi na mtu. Nilipouliza ofisini niliambiwa mashine inakokotoa. Niliuliza mashine iko wapi, wakaniambia haiko Pemba. Niliandika barua, nikaandika ya pili, nikaenda mpaka kwa mkubwa wangu nikasema mimi mwenyewe niliandika uongo, niadhibuni. Akaniangalia kwa huruma. Akasema njia ipo, mhusika asimame kwenye mkutano wa shehia aeleze hali yake, wananchi wathibitishe, basi arudishwe. Nikaenda Wambaa mbio na habari hiyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anasuka kamba, hakusimamisha mkono. "Nisimame mbele ya watu niliowaoshea mama zao," akasema, "niseme mie nna njaa?"

"Si kwa ajili yako, Bi. Kwa ajili ya Raya."

Hapo mkono ulisita. Nilidhani nimempata. Akasema atafikiri, inshallah. Mkutano ulipofika alikuwepo, amekaa safu ya mwisho, amejifunika. Sheha aliuliza mwenye malalamiko, akatazama upande wake kwa muda mrefu, mpaka watu wakageuka. Mwosha alikuwa anatazama chini, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Hakuinuka. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani nje nikimwombea ainuke, nikauma mdomo mpaka ukaota kidonda.

Baada ya hapo Raya akawa anakatiwa vidonge, kimoja siku mbili. Nikaanza kununua mimi. Mshahara wangu mnaujua wenyewe, lakini vidonge si dhahabu. Nilikuwa napeleka nikimwambia hospitali wameleta, wanagawa bure Chake, nimekuchukulia. Alipokea, akashukuru serikali. Tulikwenda hivyo miezi kadhaa, na Raya akawa mzima, anaimba. Kisha siku moja nilisahau risiti ndani ya mfuko.

Nilipokwenda tena alikuwa ameiweka juu ya meko, imekunjwa vizuri. Akanipa. "Kumbe mwongo kama mie," akasema, na alikuwa anatabasamu. Kisha tabasamu likatoka. "Usirudie. Mtoto wangu hanunuliwi dawa na mtoto wa mwenzangu mwenye shida zake. Nkiona nyengine n'tatia chooni."

Nikamtii. Mtu mzima kakataza, nikaona kumpinga ni kumvunjia heshima. Ningeweza kumpa Raya mwenyewe mkononi, ningeweza kumpa sheha, ningeweza kutafuta uongo mzuri zaidi. Nilikuwa na njia kumi, na nikachagua adabu. Kila mtu katika kisa hiki alikuwa na adabu.

Ilikuwa siku ya bamvua, maji yanakupwa mbali, siku ambayo hakuna mkulima wa mwani anayekaa nyumbani. Asubuhi wakaja kumwita Mwosha, kijiji cha pili kafa bibi mmoja. Akamwambia Raya asitoke mpaka arudi. Lakini siku mbili hizo mwani ulikuwa umeanza vidoa vyeupe, na Raya alijua usipovunwa leo hapana kitu. Akaenda kuwahi. Kamba ya kiunoni aliiacha kwenye msumari wake, kwani ya nini kujifunga peke yako? Wanawake waliokuwa karibu walisikia kaswida, kisha hawakuisikia. Walidhani amenyamaza kupumzika. Maji yalikuwa hayafiki magoti.

Mwosha alirudi na mkoba wake, akafika wakati wanampandisha ufukweni. Alimwosha mwenyewe, kwa zile shuka mbili. Walitaka kumpumzisha, wakamwambia Bi, haya tuachie sisi. Akasema hapana mwengine atakayemwona mwanangu.

Niliwahi mazikoni kwa pikipiki. Nilimkuta ndani kati ya wanawake, macho makavu, anawauliza watu kama wamekula. Mke wa sheha alijaribu kumuuliza alimkutaje Raya, hakuwa na maumivu? Mwosha akasema, "Tumekuta mtu, tumemwosha," na sauti ikamkatikia katikati, akaimaliza bila ya sauti.

Mwaka ulipokwisha, ofisini kwetu waliteremsha kalenda za zamani kutundika mpya. Mojawapo nilikuwa nimekaa nayo mwaka mzima ukutani juu ya meza yangu: ile picha aliyoipiga msimamizi wangu, Raya kwenye kiti cha buluu, mama nyuma yake, na chini kwa maandishi makubwa meupe, "Sasa najitegemea." Kila aliyeingia kuleta shida yake alikuwa anaitazama. Mhudumu alipoiteremsha nilimwambia nipe mimi. Nikaikunja, nikaenda nayo Wambaa.

Nilifika mchana, sikuwa nimetangaza. Nilidhani safari hii nitamkuta alivyo. Nikapiga hodi, akaniitikia, akaniambia subiri, akatoka mlango wa nyuma. Akarudi na kiti cha buluu, amekibeba kichwani, anahema. Nikamwambia Bi, wallahi nakaa chini, mimi si mgeni. "Kaa," akasema. Nikakaa. Kwa ujanja wangu wote, nikakaa juu ya kile kiti.

Nilimpa kalenda. Aliikunjua juu ya jamvi, akapitisha kiganja kuinyoosha. Kisha akagusa meno ya Raya kwa kidole. "Alivipenda viti vile," akasema. "Siku ile aliniuliza, mama, tuvibakishe mpaka usiku? Nkamwambia vya watu."

Akaniuliza hapo chini pameandikwa nini. Nikamsomea.

"Nani kasema hayo?"

"Wameandika umesema wewe."

"Sikusema."

"Najua, Bi. Ngoja niyachane, nikuachie picha tupu." Nikaikamata ile karatasi chini ili nichane mstari wa maneno, na mkono wake ukaja juu ya wangu, mzito, mkavu kwa chumvi.

"Usichane. Maneno yamekaa juu ya miguu yake, utamkata miguu." Akainamisha uso, akautazama ule mstari mweupe kana kwamba ukitazamwa sana utasogea. "Iache hivyo hivyo. Sina nyengine."

Akanyanyuka kutafuta misumari. Alipata miwili, mmoja wa dirishani, na mmoja ule uliokuwa unatundikwa kamba. Nikamshikia kalenda, yeye akagonga kwa jiwe, tukaitundika barazani na maneno yake. Kisha akakipangusa kiti kwa ncha ya kanga, akakirudisha kwa wenyewe.